Sedani Mpya ya Kispoti: Lipi Ubovu, Lipi Tabia ya Gari?

Barua za toleo hili karibu zote zimetoka kwa watu waliobadilisha gari hivi karibuni. Wameacha gari la juu au gari dogo la kawaida, wakachukua sedani mpya yenye turbo (pampu inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), matairi mapana na springi ngumu. Furaha ipo, inaonekana kwenye kila barua, ila kila mmoja ana jambo linalomkosesha usingizi. Tumechagua maswali yanayojirudia zaidi.

Nimetoka kwenye gari la juu lenye matairi ya 215/60 R16, sasa nina sedani yenye 235/40 R18. Kona inazikata vizuri ajabu na usukani unaitika papo hapo. Lakini kila kiraka cha lami nakisikia mgongoni, matairi yanavuma, na palipo na mifereji ya malori usukani unanivuta huku na huku. Fundi wa duka kaniambia "ndivyo yalivyo". Ni kweli?
*Msomaji aliyeshuka kutoka gari la juu*

Ndugu msomaji, jibu la fundi lina ukweli, lakini usilipokee kabla hujapima upepo. Magari mapya husafirishwa yakiwa na upepo mwingi kuliko wa kutembelea, mara nyingi baa 3 na zaidi, ili matairi yasiingie bapa gari likikaa wiki nyingi melini na kwenye yadi. Anayekabidhi gari ndiye anayepaswa kuupunguza, na kazi hiyo husahaulika kirahisi. Gari linalotaka baa 2.3 likitembea na baa 3.0 litakuwa gumu, litadunda, na eneo la tairi linaloshika barabara litapungua, jambo ambalo kwenye mvua ni hatari.

Kipimo sahihi kiko kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la petroli. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi si ya kufuata. Hiyo ni kikomo cha juu cha tairi lenyewe, si upepo wa gari lako. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Joto la hewa likipanda au kushuka kwa nyuzi 10, upepo nao hubadilika kwa karibu psi 1.5, yaani baa 0.1, na tairi lililotoka safarini husoma juu zaidi ya hapo. Ukipunguza upepo wa tairi lenye joto mpaka lifike namba ya stika, kesho asubuhi utakuta limepungukiwa.

Upepo ukishakaa sawa, kinachobaki ni ukuta wa tairi. Namba ya pili kwenye ukubwa wa tairi ni asilimia ya upana wake. Tairi lako la zamani lilikuwa na ukuta wa milimita 129 (asilimia 60 ya 215), la sasa lina milimita 94. Umeondokewa na milimita 35 za mpira na hewa zilizokuwa zikimeza ukali wa barabara kabla haujafika kwenye springi. Ukuta huo mfupi ndio huohuo unaofanya usukani uitike papo hapo, kwa sababu haupindi sana unapoingia kona. Huwezi kuupenda upande mmoja ukaukataa wa pili. Ukiona ugumu umekuzidi kabisa, uliza kama gari hilohilo huuzwa pia na rimu ya inchi 17. Mara nyingi ipo, na tairi lake lenye ukuta mrefu zaidi hupunguza ukali huo bila kuharibu kona kwa kiasi ambacho dereva wa kawaida atakigundua. Hakikisha tu rimu hiyo inazipita breki za mbele bila kugusa.

Kuvutwa na mifereji nako kuna sababu. Tairi pana likiingia kwenye mfereji uliochimbwa na malori, ukingo mmoja wa mpira hupanda ukuta wa mfereji kabla ya mwingine, na tairi zima linageuzwa kidogo. Mkononi unahisi mvuto mfupi wa upande, kisha wa upande wa pili. Usishindane nao. Shika usukani kwa mikono miwili, kushoto na kulia, bila kukaza vidole, uache ucheze kidogo ukiwa ndani ya mikono yako. Anayekaza na kurekebisha kila mvuto ndiye anayeyumba zaidi.

Ila kama gari linavuta hata kwenye lami laini, hilo ni jambo jingine. Barabara nyingi zina mwinamo wa kumwaga maji pembeni, kwa hiyo jaribu kwenye barabara mbili zenye mwinamo tofauti, ukiwa kilomita 80 kwa saa, mikono imelegea lakini haijaachia. Likivuta upande uleule kote kuwili, dai alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, na upewe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Yapo mengine ya kutokubali. Mtetemo wa asubuhi unaoisha baada ya kilomita chache ni bapa la tairi lililosimama usiku kucha, wala usihangaike nalo. Mtetemo wa usukani unaokuja kati ya kilomita 90 na 120 kwa saa na kubaki safari nzima ni balansi, yaani gurudumu lenye uzito usio sawa, na ni haki yako irekebishwe. Gari likiwa gumu kupita kiasi na limesimama juu kuliko mengine ya aina yake, chukua tochi uangalie springi: kuna vipande vya plastiki au mpira ambavyo viwanda vingine hupachika katikati ya mizunguko ya springi ili gari lisibonyee melini. Vikisahaulika, springi haifanyi kazi.

Na ukienda gereji, usiseme tu "linapiga kelele". Andika mwendo, gia, kama injini ilikuwa baridi au moto, kona ipi ya gari, na aina ya barabara. Kisha omba fundi apande nawe. Malalamiko yenye maelezo hayo ni vigumu kuyafukuza kwa "ndivyo yalivyo".

Muuzaji anasema injini za siku hizi hazihitaji kuzoeshwa, niendeshe nitakavyo. Rafiki yangu anasema nisizidi mizunguko 3,000 ya injini kwa dakika katika kilomita 5,000 za mwanzo. Nimsikilize nani?
*Mwenye gari la kilomita 140*

Usimsikilize hata mmoja. Fungua kitabu cha gari. Watengenezaji wenyewe bado wanaandika masharti ya kuzoesha injini. Vitabu vya Toyota na Honda kwa kawaida vinataka usifunge breki za ghafla kwa kilomita 300 za mwanzo, na usikanyage mafuta kwa nguvu mpaka upite kilomita 1,000. BMW kwenye magari yake ya kasi ya M inakwenda mbali zaidi: inaweka kikomo cha mizunguko na mwendo mpaka kilomita 2,000, kisha gari linarudi kwa sevisi maalumu ya kumwaga oili ya kwanza.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda bado vina mikwaruzo midogo ya kiwandani, na inabidi visagane mpaka vikae. Ringi husukumwa ukutani na mgandamizo wa moto wa injini. Ukikanyaga mno mapema, joto linazidi pale ambapo vyuma havijakaa sawa. Ukibembeleza mno kwa kilomita 5,000 kama anavyotaka rafiki yako, ringi hazipati msukumo wa kutosha, ukuta wa silinda unang'aa kabla haujakamilika, na injini inaweza kunywa oili maisha yake yote. Yote mawili ni makosa, na la pili ndilo wapole huliangukia.

Kama kitabu chako hakina masharti makali zaidi, mwenendo mzuri kwa injini ya petroli ni huu: mpaka kilomita 1,000 kaa chini ya mizunguko 4,000 hadi 4,500, usifikishe pedali sakafuni, na badilisha mwendo mara kwa mara. Safari ya saa tatu kwenye mwendo mmoja uliofungwa na kruzi ni mbaya kuliko safari yenye milima na miji. Kanyaga hadi nusu au theluthi mbili, acha gari lipande mwendo, kisha achia mafuta lishuke kwa injini. Epuka pia kinyume chake, yaani kuilazimisha injini ivute kutoka mizunguko 1,300 kwenye gia kubwa. Kuanzia kilomita 1,000 ongeza kidogo kidogo, na kufika 1,500 utakuwa huru. Sharti moja halina mwisho: usikanyage kwa nguvu oili ikiwa bado baridi. Kipimo cha maji hufika katikati haraka, lakini oili hukawia; mara nyingi huhitaji dakika 10 hadi 15 za kutembea kabla haijapata joto la kazi.

Breki nazo zina zamu yake. Pedi mpya inatakiwa iache utando mwembamba ulio sawa juu ya diski. Baada ya kilomita 300 za upole, tafuta barabara tupu, punguza kutoka kilomita 80 hadi 30 kwa saa mara nane hivi, kwa mkazo wa wastani, ukiacha karibu dakika moja kati ya mara moja na nyingine. Usisimame kabisa ukiwa umekanyaga breki zenye moto, kwa sababu pedi itaacha alama yake mahali pamoja pa diski, na baadaye pedali itakutetemekea mguuni. Ukimaliza, tembea kilomita tano au sita bila kuzitumia sana ili zipoe.

Matairi mapya nayo huteleza kidogo kwa kilomita 300 hivi. Uso wake ni laini na unaweza kuwa na mabaki ya dawa inayolitoa tairi kwenye kalibu. Kwenye mvua, zipe heshima kona.

Kuhusu kumwaga oili mapema, wapo wanaoifanya kama dini. Honda inasema wazi usiimwage kabla ya wakati wake. BMW M inataka itoke kilomita 2,000. Injini hazifanani. Fuata iliyo yako.

Gari langu lina giaboksi ya klachi mbili. Barabarani inabadilisha gia kwa kasi ya ajabu, lakini kwenye foleni inashtuka, na juzi nikirudi nyuma mlimani nilisikia harufu ya kuungua. Otomatiki yangu ya zamani haikuwa hivi.
*Dada wa foleni*

Dada, harufu hiyo ni ya klachi, na uichukulie kwa uzito. Otomatiki yako ya zamani ilikuwa na konveta: injini inazungusha oili, oili inazungusha giaboksi, na kati yake hakuna sahani zinazosagana. Ungeweza kutambaa nayo kwenye foleni kutwa nzima. Giaboksi ya klachi mbili kwa ndani ni gia ya mkono inayoendeshwa na kompyuta. Klachi moja inashika gia ya kwanza, tatu, tano na saba. Nyingine inashika ya pili, nne na sita. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshachomekwa inasubiri klachi yake tu, ndiyo maana unaona kasi ile barabarani. Lakini kwenye mwendo wa kilomita 4 kwa saa hakuna gia inayolingana na mwendo mdogo hivyo. Klachi inabaki nusu imeshika, nusu inateleza, na kila mtelezo ni joto.

Kuna aina mbili. Yenye klachi kavu, inayopatikana zaidi kwenye injini ndogo, hupozwa na hewa tu na ndiyo inayochoka haraka kwenye foleni. Yenye klachi zinazoogelea kwenye oili huvumilia zaidi, ila oili hiyo ina tarehe yake, kwa nyingi karibu kilomita 60,000, na isipobadilishwa mshtuko unaongezeka.

Kinachosaidia ni kubadili mazoea. Usiifuate gari ya mbele kila inaposogea nusu mita. Subiri nafasi ya urefu wa gari moja na nusu au mbili, achia breki kabisa, kanyaga mafuta kidogo ili klachi ishike yote, kisha simama. Kukanyaga breki nusu huku gari linatambaa ndiko kunakoila klachi. Mlimani, shikilia gari kwa breki au kwa kitufe cha kushikilia breki chenyewe, kamwe si kwa mafuta. Ukirudi nyuma kupanda, fanya kwa mwendo mmoja usiokatika. Ukilazimika kusimama mara nyingi, pumzika dakika chache kati yake. Taa ya joto la giaboksi ikiwaka, egesha mahali salama, weka P, acha injini inaunguruma mpaka onyo litoke, isipokuwa kitabu chako kinasema vingine.

Mshtuko mwingine hutokana na kompyuta kubahatisha. Ulikuwa unapunguza, imeshaandaa gia ya kwanza, nawe ghafla ukakanyaga; inabidi ibadili mawazo. Huo utauzoea. Ila gari likitetemeka kila linapoondoka likiwa na joto, au gia ikiruka, rudi kwa aliyekuuzia. Mara nyingi huanza kwa kuifundisha upya giaboksi kwa kompyuta, na kazi hiyo peke yake wakati mwingine huondoa tatizo.

Asubuhi injini inanguruma mizunguko 1,400 nusu dakika nzima, kisha inashuka. Ikiwa kimya nasikia tiki-tiki. Na nikizima, feni inaendelea. Nina wasiwasi na vyote vitatu.

Vyote vitatu ni salama. Mngurumo wa asubuhi ni wa kupasha moto katalisti kwenye ekzosi, kwa sababu haisafishi moshi ikiwa baridi. Tiki-tiki ni nozeli na pampu ya petroli ya mgandamizo mkubwa, kawaida ya injini zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Feni inapoza turbo na injini baada ya safari ya moto. Ukitoka kwenye mwendo mkali, endesha kwa upole kilomita mbili za mwisho au iache injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima.

Kompyuta ya gari inasema natumia lita 7.6 kwa kilomita 100. Karatasi ya gari ilisema 6.5. Nani anadanganya? Na je, nitie oktani 95 au 98?
*Mpenda hesabu*

Anza na hesabu ya tangi. Jaza mpaka bomba likate lenyewe, weka sifuri kwenye mita ya safari, tembea mpaka tangi lifike robo, jaza tena kwenye pampu ileile kama inawezekana. Ikiingia lita 38 baada ya kilomita 460, gawanya 38 kwa 460, zidisha kwa 100: lita 8.26 kwa kilomita 100, au kilomita 12.1 kwa lita. Hapo kompyuta yako imekosea kwa karibu asilimia 8, na kujisifu kwa kiasi hicho si jambo la ajabu kwa kompyuta za magari. Rudia kwa matangi matatu uchukue wastani, kwa sababu bomba halikati mahali palepale kila mara.

Takwimu ya karatasi hutoka maabara. Kipimo cha WLTP, kilichoanza Ulaya mwaka 2017, kiko karibu zaidi na ukweli kuliko kile kilichotangulia, lakini hakikupimwa kwenye foleni yako wala kwa mguu wako. Turbo ndogo ina tabia hii: ukiendesha taratibu inabana matumizi vizuri, ukiitumia nguvu yake inakunywa kama injini kubwa, kwa sababu hewa nyingi inayoingizwa lazima iende na petroli nyingi. Injini mpya nayo ni nzito kidogo. Subiri ipite kilomita 3,000 kabla hujaihukumu.

Oktani, yaani namba ya uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kujiwakia, isome kwenye kifuniko cha tangi. Kama imeandikwa 98 inapendekezwa na 95 ndiyo ya chini kabisa, ukitia 95 hutaua injini. Kuna sensa inayosikia injini ikigonga, nayo huchelewesha cheche na kupunguza msukumo wa turbo. Unachopoteza ni sehemu ya nguvu, hasa siku za joto na milimani. Chini ya namba ya chini kabisa, usishuke. Na kama kitabu kinataka 95 tu bila kutaja 98, kutia 98 ni kuchoma pesa.

Jambo moja kwa wenye turbo na gia ya mkono: usikanyage mafuta yote ukiwa kwenye gia kubwa na mizunguko 1,500. Katika hali hiyo mchanganyiko unaweza kuwaka kabla ya cheche, kwa mgandamizo unaoweza kuvunja pistoni. Oili za daraja la API SP, lililoanza mwaka 2020, zimetengenezwa kwa kuzingatia hatari hiyo. Shusha gia kwanza, kisha kanyaga.

Kila tuta nalisikia linakwaruza tumbo. Nitaishije na gari hili?
*Mwenye bampa iliyokwaruzika*

Pima kwanza ili ujue adui yako. Egesha mahali tambarare, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa bampa ya mbele, halafu pima kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi hadi chini ya ukingo huo. Bampa ikiwa milimita 170 juu na iko milimita 850 mbele ya tairi, gari lako linaweza kuingia mwinamo wa nyuzi 11 tu kabla ya kugusa. Gari la juu ulilolizoea huenda lilimudu nyuzi 20 na zaidi. Watu wanne na mizigo ya buti wanaweza kulishusha gari sentimita mbili au zaidi, kwa hiyo tuta ulilopita salama jana ukiwa peke yako leo litakukwaruza.

Kosa kubwa ni breki. Ukifika kwenye tuta ukiwa bado umekanyaga, pua imezama, springi za mbele zimebonyea, na huko ndiko bampa inakogusa. Punguza mapema, achia breki mita moja au mbili kabla ya tuta ili pua inyanyuke, kisha pita kwa mwendo wa kutembea. Ushauri ni huohuo kwa shimo usiloweza kulikwepa: achia breki kabla ya kuliingia, tairi lizunguke, lisiburuzwe hadi kwenye ukingo wake.

Miinamo ya kuingilia maegesho ipande kwa mshazari, tairi moja likitangulia, barabara ikiwa tupu. Usiegeshe kwa kuingiza pua mpaka ukingo wa barabara. Wengi huivunja bampa wakati wa kutoka, ukingo ukiwa umeinasa kwa nyuma. Na baada ya pigo lolote zito, pitisha mkono ubavuni mwa tairi, nje na ndani. Ukikuta uvimbe wa ukubwa wa nusu yai, nyuzi za ndani zimekatika. Tairi hilo halizibwi, linabadilishwa, siku hiyohiyo.

Kitufe cha Sport kinaongeza nguvu?

Kwenye magari mengi, hapana. Kinabadilisha jinsi pedali inavyoitika, kinachelewesha kupanda gia, kinaongeza uzito wa usukani, na kama shokapu ni za kielektroniki kinazikaza. Mlio unaousikia unaweza kuwa unatoka kwenye spika. Kama gari lina mpangilio wa kujichagulia, jaribu injini kwenye Sport, shokapu kwenye Comfort. Kwenye lami mbovu tairi lenye shokapu laini hushika barabara vizuri zaidi, kwa hiyo mpangilio huo mara nyingi ndio wenye kasi pia.

Nimefungua sakafu ya buti, hakuna tairi la akiba. Kuna chupa na pampu ndogo. Nikipata pancha nifanye nini?
*Baba mwenye safari ndefu*

Baba, kwanza soma sasa hivi tarehe ya mwisho kwenye chupa. Ikipita, dawa hugandamana na haitaziba. Pili, jua mipaka yake. Inaziba tundu la msumari kwenye uso wa kukanyagia, milimita 4 hivi, nyingine mpaka 6. Ubavu uliochanika, rimu iliyopinda, au tairi ulilolitembelea likiwa tupu, haiwezi kuviziba.

Pancha ikitokea, acha msumari palepale ulipo. Unganisha chupa na pampu kama mchoro unavyoonyesha, injini ikiwa inaunguruma mahali penye hewa, na pampu isipite dakika kama 8 mfululizo maana inachemka. Upepo usipofika karibu baa 2, sogeza gari mita 10 mbele na nyuma ili dawa isambae, kisha rudia. Ukigoma tena, ita msaada. Upepo ukifika hapo, ondoka papo hapo, chini ya kilomita 80 kwa saa. Dawa huziba kwa kuzungushwa, na ukikaa itatulia chini. Baada ya dakika 10 simama upime. Chini ya baa 1.3, safari imeisha. Juu ya hapo, jaza mpaka kipimo cha stika, elekea kwa fundi wa matairi, na mwambie kuna dawa ndani kabla hajalifungua, ili aisafishe sensa ya upepo.

Kama matairi yako ni yale yanayotembea bila upepo, huna haja ya dawa: kwa kawaida utapata kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Kwa anayesafiri mbali na miji, ushauri wetu ni kununua tairi jembamba la akiba, jeki na spana ya gari lako kabla ya safari. Nati zikifungwa, zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa namba ya kitabu, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Diski za breki zimeota kutu usiku mmoja baada ya kuoshwa gari. Nimeuziwa gari kuukuu?

La. Diski ni chuma kitupu, na maji ya usiku mmoja yanatosha kuweka utando wa rangi ya machungwa. Mara chache za kukanyaga breki zinaufuta. Ukiosha gari jioni, lizungushe kidogo ukikanyaga breki kabla ya kuliegesha.

Gari lina kilomita 1,800 na oili imeshuka robo ya kijiti. Mtu wa duka anasema nisiguse mpaka sevisi ya kwanza. Nisubiri?

Usisubiri bila kupima. Injini mpya inaweza kunywa oili kidogo wakati ringi zinakaa. Kati ya alama ya chini na ya juu ya kijiti kwa kawaida kuna lita 1 hivi, kwa hiyo umepoteza karibu robo lita kwa kilomita 1,800, kiasi kisicho cha kutisha. Lakini sevisi ikiwa bado kilomita 8,000 mbele na matumizi yakaendelea hivyo, utavuka alama ya chini kabla hujafika, tena turbo ndiyo inayoumia kwanza.

Pima kila kilomita 1,000: gari tambarare, injini ya moto, izime, subiri dakika 5 hadi 10, futa kijiti, chomeka mpaka mwisho, soma. Gari lisilo na kijiti lina kipimo kwenye skrini. Fuata hatua zake. Oili ikifika nusu, ongeza mililita 200 kwa wakati mmoja, ya daraja na unene uliotajwa kwenye kitabu, na usivuke alama ya juu, kwani oili iliyozidi hupigwa na kranki ikatoa povu. Andika tarehe, kilomita na kiasi ulichoongeza. Matumizi yakifika nusu lita kwa kilomita 1,000 baada ya gari kupita kilomita 5,000, peleka karatasi hiyo dukani na uombe wafanye kipimo rasmi cha matumizi ya oili ukiwa bado ndani ya waranti.